Mama alisema "Basi"

Usiku wa Ijumaa moja ya Agosti 2025 simu yangu haikutulia mezani. Lilikuwa kundi letu la ndugu, watu thelathini na kitu waliotawanyika mabara matatu. Habari ilikuwa imetoka kwamba California imemkatalia Lyle Menendez kuachiwa kwa masharti, siku moja baada ya kumkatalia mdogo wake Erik, aliyefungwa naye kwa kuwaua wazazi wao, na kila mmoja ameambiwa asubiri miaka 3. Binamu yangu akaandika: "Waozee humo humo. Mtoto anayemuua mama yake si mtu." Mdogo wangu wa kike akamjibu: "Na baba anayemharibu mtoto wake, huyo ni mtu?" Basi moto ukawaka. Kufika saa sita usiku watu wazima walikuwa wanatukanana kwa ajili ya familia ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Mimi sikuandika kitu. Dada yangu akanitumia ujumbe pembeni: "Wewe si ndiye wa mahakamani? Sema neno." Nikamjibu nitasema, ila si humo. Nimechelewa, lakini leo nasema.

Kazi yangu ni ukalimani wa mahakamani, hapa Marekani, Kiingereza na Kiswahili. Miaka sita iliyopita nilipewa kesi ya kijana aliyempiga risasi mdogo wake nyumbani kwao, mama yao akiwa jikoni. Kesi imekwisha na muda wa rufaa umepita. Nitakayoyaandika kuhusu mahakamani yalisemwa milango ikiwa wazi, na yaliyobaki nimeruhusiwa na Mama mwenyewe. Nilimpigia kumwomba, akanyamaza kidogo, akasema niandike, ila nisitaje jina lake wala mahali. Kwa hiyo hapa ataitwa Mama, kama nilivyokuwa nikimwita.

Mshtakiwa Kiingereza alikuwa anakijua vizuri. Mimi niliitwa kwa ajili ya Mama, aliyekuwa shahidi. Hakuna aliyekuwepo nyumbani siku ile isipokuwa yeye na wanawe wawili, mmoja yuko kaburini na mwingine yuko kwenye kiti cha mshtakiwa. Mwendesha mashtaka alimhitaji athibitishe kwamba risasi zilikuwa mbili na kwamba kati ya ya kwanza na ya pili kulikuwa na nafasi. Wakili wa utetezi alimhitaji aseme mdogo alivyokuwa ameshika chupa. Pande zote mbili zilikuwa zinamvuta mtu mmoja, na kila upande ulimwita "Mama" kwa upole sana.

Alipomaliza ushahidi wake aliruhusiwa kukaa ndani asikilize. Sasa, ambaye hajawahi kuingia mahakama za huku ajue kwamba ukumbi unagawanyika kama kanisa siku ya harusi. Nyuma ya meza ya mwendesha mashtaka wanakaa ndugu wa marehemu, na nyuma ya meza ya utetezi wanakaa ndugu wa mshtakiwa. Haijaandikwa popote, ni mazoea tu, lakini kila mtu anayafuata, na juri, wale raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, wanapoingia wanaona nani kakaa wapi. Mama akafika katikati ya benchi akasimama. Alivaa kitenge cha kijani, mkoba mweusi ameukumbatia kifuani. Askari wa mahakama, kijana mpole kwa kweli, akamsogelea akamuuliza anakaa upande gani.

Nikafasiri: "Mama, anauliza uko upande gani."

Akanitazama mimi, askari hakumtazama. "Mi niko mama ya bote babili."

Kiswahili changu ni cha pwani na chake ni cha mashariki ya Kongo, na nimeshazoea kuvuka daraja hilo mara mia kwa siku. Lakini sentensi ile haikuhitaji daraja. Niliisema kwa Kiingereza, na yule askari akatazama chini, kisha akamwonyesha benchi la mwisho kabisa karibu na mlango, wanapokaaga wanafunzi wa sheria na watu wanaokuja kusubiri kesi zao. Mama alikaa pale siku tisa.

Tangu hapo, nikisikia kesi ya watu wa nyumba moja, swali langu la kwanza ni hilo la askari. Ndugu wanakaa wapi?

Kwenye kesi nyingine za mauaji jibu linajulikana. Kuna familia inayolia kwa huyu na kuna familia inayolia kwa yule, zikipishana kwenye korido zinageuziana visogo. Kwenye kesi ya nyumba moja anayelia ni mtu yule yule. Anapewa pole na kunyooshewa kidole kwa mkono mmoja. Na sisi tulio nje tunamngojea atuambie yuko upande gani ili na sisi tujue tuseme nini.

Juri walitoka siku ya tisa saa nane mchana. Kabla sijaeleza kilichosomwa, inabidi niseme jambo la lugha, kwa sababu ndilo lililotuletea shida. Kiswahili chetu tunasema "hukumu" kwa vitu viwili. Juri wakisema fulani ana hatia, tunasema hukumu imetoka. Jaji akisema miaka kumi, tunasema pia hukumu imetoka. Kwa Kiingereza hayo ni maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, na mahakamani huku kati ya la kwanza na la pili wiki kadhaa zinaweza kupita. Mimi nilikuwa najua. Asubuhi ile nilimwambia: "Mama, leo watasema kama ana hatia au hana. Adhabu bado." Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Neno "juri" nalo lilikuwa limenisumbua. Mwanzoni nilijaribu "wazee wa baraza", akanong'ona: "Wazee gani? Ule ni mutoto." Kweli, wa pili kutoka kushoto alikuwa msichana ambaye pengine hajatimiza 25. Nikaacha, nikawa nasema "wale watu 12".

Karani akasoma. Shtaka la kwanza, mauaji ya kukusudia: hana hatia. Nikamnong'oneza sikioni. Mama akafumba macho. Shtaka la pili, kuua kwa hasira ya ghafla bila kupanga: ana hatia. Nikamnong'oneza hilo pia. Hakufumbua.

Kisha wakili wa utetezi akaomba juri waulizwe mmoja mmoja. Ni haki yake. Karani anataja namba, anauliza, huu ndio uamuzi wako? Mtu anajibu ndiyo. Mara 12. Nami nafasiri mara 12, kwa sababu siruhusiwi kusema "na wengine wamesema vivyo hivyo". Ndiyo. Ndiyo. Kwenye "ndiyo" ya tatu niliona kidole gumba cha Mama kinagusa vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu anayesali rozari. Vidole vya mkono mmoja vikaisha akaanza upya. Alipofika wa mwisho mkono ukabaki umekunjwa hivyo hivyo.

Nje kulikuwa na kamera mbili. Mimi kazi yangu inaishia mlangoni. Kanuni zetu haziniruhusu kumfasiria mtu mbele ya waandishi wa habari wala kutia neno langu. Kijana mmoja wa kanisani kwao, wa miaka kama 19, akajitolea. Simlaumu mpaka leo. Alikuwa na nia njema na Kiingereza kizuri cha shule. Mwandishi akauliza Mama anajisikiaje kuhusu uamuzi wa juri.

Mama akasema: "Basi."

Kijana akageuka akaiambia kamera kwa Kiingereza: anasema ni sawa.

Nilikuwa hatua nne kutoka pale, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa na kiapo. Msomaji wangu, wewe unajua "basi" ni nini. Kuna basi la mama anayembembeleza mtoto mgongoni, basi, basi, nyamaza. Kuna basi la aliyeshiba anayesukuma sahani. Kuna basi la wagombanao, basi yaishe. Tunaanzia hadithi kwa basi na tunazimalizia kwa basi. Kuna basi la mtu aliyezidiwa, linalotoka bila pumzi. Neno moja lina milango kumi, na kijana akafungua mlango usiokuwa wake.

Jioni habari ikatoka ikiwa na kichwa kinachosema mama wa marehemu ameridhika na uamuzi. Chini yake watu wakamiminika.

Niliyasoma maoni yale yote. Nilikaa sakafuni sebuleni mpaka miguu ikafa ganzi, nikasoma zaidi ya mia tatu. Wengine walisema mama wa aina gani huyu, mwanawe ameuawa naye anaona sawa. Wengine walimwita jasiri, mfano wa msamaha, wakamwekea mikono inayosali. Mmoja aliandika kwa uhakika mkubwa kwamba ni wazi tangu mwanzo mkubwa ndiye aliyependwa. Juri waliitwa wajinga, waliitwa walaini, waliitwa mashujaa, na watu ambao hawakukaa hata saa moja kwenye lile benchi. Mswahili mmoja akaandika, "Uchungu wa mwana aujua mzazi," na mwingine akamjibu chini yake, "Mwana yupi?" Huyo wa pili nilitamani kumshika mkono. Sikumjua na sijamjua hadi leo, lakini katika watu mia tatu ndiye pekee aliyeuliza.

Na palikuwa na mwanamume mmoja aliyeandika kwamba kaka yake alimwelekezea bunduki mwaka 2009, hakufyatua, na tangu siku hiyo nyumbani kwao hakuna aliyewahi kulizungumza. Hakutukana mtu. Hakuna aliyemjibu. Nilirudi kuangalia kesho yake, bado hakuna aliyemjibu.

Nadhani yule bwana aliniambia ukweli kuhusu wote waliomtangulia. Watu hawasomi habari ya kesi kama hii wakiwa mikono mitupu. Kila mmoja anakuja na nyumba yake. Anayesema "waozee humo" ana mama ambaye hawezi kumfikiria amelala kwenye damu. Anayesema "waachieni" ana mlango wa chumba anaoukumbuka ukifunguliwa usiku. Sisemi wakae kimya. Nasema wanapopiga kelele, masikioni mwao kuna kesi nyingine ambayo haikusikilizwa kamwe.

Ndiyo maana kesi ya Menendez inanigusa kuliko nyingine zote, maana pale unaweza kuona jambo hili likitokea mara mbili kwa familia ile ile. Tarehe 20 Agosti 1989, huko Beverly Hills, José na Kitty Menendez walipigwa risasi za marisau wakiwa wameketi mbele ya televisheni. Lyle alikuwa na miaka 21, Erik 18. Walikamatwa Machi 1990. Kesi ya kwanza ilianza 1993, ikiwa na majuri mawili ndani ya ukumbi mmoja, kila ndugu na juri lake, na Court TV, kituo cha televisheni cha kuonyesha kesi, ikaionyesha nchi nzima. Ndugu hao walikiri kuua, wakasema baba yao aliwadhulumu kingono tangu utotoni na kwamba walidhani wangeuawa. Mwendesha mashtaka alisema waliua kwa ajili ya mali, na manunuzi yao ya baada ya mazishi yakasomwa moja moja.

Januari 1994 majuri yote mawili yalishindwa kukubaliana. Kwenye juri la Erik wanaume sita walitaka atiwe hatiani kwa mauaji, wanawake sita wakataka iwe kwa kosa dogo zaidi. Takwimu hiyo huwa inanirudia. Walisikiliza ushahidi ule ule, kwenye viti vile vile, miezi kadhaa. Kilichowatenganisha hakikuwa mezani kwa mwendesha mashtaka. Ilikuwa ni nini mtu anaweza kuamini kwamba kinaweza kumpata mvulana.

Na huko nje? Walichekwa. Vipindi vya vichekesho vya usiku viliwaigiza wakilia kizimbani. Ulikuwa wakati ambao kijana wa kiume akisema baba yake alimwingilia, watu walitafuta mahali pa kucheka ili wasisikie. Kesi ya pili ilianza Oktoba 1995, mwezi ule ule O.J. Simpson, yule nyota wa mpira wa Marekani, alipoachiwa huru kwenye kesi yake ya mauaji, safari hii bila kamera na kwa juri moja, na jaji akabana sana ushahidi wa dhuluma. Machi 1996 wakatiwa hatiani kwa mauaji ya daraja la kwanza, na adhabu ikawa kifungo cha maisha bila nafasi ya kutoka. Kwa wengi waliokuwa wakifuatilia, hilo likawa limekwisha.

Halafu kikazaliwa kizazi kingine. Watoto ambao hawakuwepo 1989 wakatazama vipande vya ushahidi ule ule wa 1993 kwenye simu zao na wakalia. Mashahidi hawakubadilika, wala machozi hayakubadilika. Mtazamaji ndiye aliyebadilika. Kufika Oktoba 2024 zaidi ya ndugu 20 wa familia ile walisimama mbele ya waandishi wa habari Los Angeles wakaomba vijana wao, ambao sasa ni wazee wa zaidi ya miaka 50, waachiwe. Tarehe 13 Mei 2025 Jaji Michael Jesic akaibadilisha adhabu ikawa miaka 50 hadi maisha, na kwa kuwa walikuwa chini ya miaka 26 walipotenda kosa, sheria ya California ikawafungulia mlango wa kuomba kuachiwa kwa masharti. Ndio mlango uliofungwa tena Agosti ile, bodi inayoamua maombi hayo ikitaja, pamoja na mengine, simu walizokuwa nazo gerezani kinyume cha kanuni.

Wenzangu kwenye kundi walikuwa wanabishana kuhusu hao wawili. Mimi nilikuwa nawafikiria akina mama wawili wazee. Dada yake Kitty, aliyepita miaka 90, na dada yake José, mwenye miaka zaidi ya 80. Novemba 2024 walisimama mahakamani wote wawili kuomba wapwa zao watoke. Huyu aliuliwa dada, yule aliuliwa kaka, na waliowaua ni watoto wa damu yao wenyewe. Si wote wa ukoo ule walikubaliana nao. Kaka yake Kitty alipinga mpaka mwisho. Naye simlaumu. Katika nyumba moja mtu anaweza kulia kwa njia tatu na zote zikawa za kweli.

Aprili 2025, kwenye kikao, upande wa mashtaka ulionyesha ukumbini picha ya mwili wa José siku alipouawa, bila kuwatahadharisha ndugu waliokuwa wameketi pale. Dada yake alikuwemo ndani. Baada ya hapo familia ilisema amekimbizwa hospitalini. Ofisi ya mwendesha mashtaka ikaomba radhi kwa kutowatahadharisha.

Nilipoisoma habari ile nilisimama, nikazunguka meza, nikakaa tena. Kwa maana naijua ile meza ya mahakama na naijua ile skrini. Picha inapowekwa, anayeiweka anawaza juu ya jaji. Anataka jaji akumbuke kwamba hapa kuna mtu aliyeuliwa. Na ni kweli, kuna mtu aliyeuliwa, lazima akumbukwe. Lakini yule bibi hakuhitaji kukumbushwa. Nadhani waliona benchi lake liko upande wa wanaoomba msamaha, wakasahau kwamba ni mfiwa. Mtu akishawekwa upande, msiba wake unahamishwa naye.

Ndicho kilichompata Mama wangu. Baada ya "basi" lile kuwa "ni sawa", akawekwa upande. Kanisani, aliniambia baadaye, wanawake waliokuwa wakimletea chakula walipungua. Kuna aliyemwambia usoni, "Wewe ulishasema umeridhika."

Siku ya adhabu ilikuja baada ya wiki sita. Ndugu wa marehemu ana haki ya kuzungumza mbele ya jaji kabla adhabu haijatamkwa, na Mama aliomba azungumze. Hakuwa ameandika. Alisimama, akashika ukingo wa meza, mimi pembeni yake nusu hatua nyuma. Kanuni ya ukalimani ni kwamba unasema "mimi" anaposema "mimi". Husemi "mama anasema alimzaa". Unasema "nilimzaa". Sauti yako inakuwa nyumba ya mtu mwingine kwa muda.

Alisema, nami nikasema kwa Kiingereza: Nilizaa wavulana wawili. Mkubwa ndiye aliyembeba mdogo mgongoni tulipotembea kukimbia vita, siku mbili, mimi nilikuwa na mzigo. Mdogo alikuwa na homa. Mkubwa alikuwa na miaka minane. Nilimwambia tuuache mzigo, tumbebe kwa zamu, akakataa, akasema mtoto ni wake. Watu wananipa pole ya mdogo. Ya mkubwa wananyamaza, kama huyu hakuzaliwa na mtu. Mimi nataka pole mbili.

Kwenye "pole mbili" nilikwama. Miaka yote ya kazi na sikuwa na neno. Pole ukiigeuza Kiingereza inakuwa masikitiko, au inakuwa radhi ya aliyekosa, na Mama hakuwa anaomba jaji asikitike wala aombe radhi. Alikuwa anaomba ashikwe mkono. Nikaomba ruhusa kwa mahakama, kama kanuni inavyotaka, nikaeleza kwamba mkalimani anahitaji kufafanua neno. Nikafafanua vibaya. Nikasema ni neno tunalompa mtu aliyepatwa na jambo, liwe kubwa au dogo, hata aliyejikwaa. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo. Aliandika kitu. Kisha akamtazama Mama, si mimi, na wengi wao hunitazama mimi, akajaribu kulitamka lile neno. Lilitoka limepinda. Akalirudia mara ya pili.

Halafu akatoa miaka 11.

Maoni ya siku hiyo sikuyasoma. Nilisikia tu kwamba watu walisema ni michache.

Baada ya kikao tulikwenda kwenye ofisi ndogo ya mama mmoja anayesaidia familia za waathirika, ghorofa ya chini. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kumsomea Mama fomu ya kuomba kulipiwa gharama za mazishi. Kila jimbo lina mfuko wa namna hiyo kwa familia za waliouawa. Nikasoma kipengele kimoja kimoja kwa Kiswahili naye akajibu. Jina la marehemu. Tarehe ya kuzaliwa. Uhusiano wako naye. Akasema nimwonyeshe mahali, ataandika mwenyewe. Akaandika MAMA kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikabonyea. Yule mhudumu akataka kumwambia liandikwe kwa Kiingereza, kisha akaacha.

Nikadhani tumemaliza. Mama akafungua ule mkoba mweusi akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya gereza, ya kuomba kuandikwa kwenye orodha ya wageni wa mfungwa. Nilimtazama mhudumu, kwa kuwa hiyo haikuwa kazi ya ofisi yake. Ofisi yake ni ya waathirika. Akasema, "Msomee tu."

Wakati naikunjua nilimuuliza lile swali, nikijua sikupaswa kuuliza. Nikamwambia, Mama, siku ile mlangoni, ulikuwa unamwambia nani basi?

"Roho yangu," akasema. "Ilikuwa inalia sana."

Nikamsomea. Jina la mfungwa. Tarehe ya kuzaliwa. Uhusiano wako naye. Akanyoosha mkono kuomba kalamu.